Msiniite Buku: historia fupi ya jina Elifuraha

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika chochote hapa. Mnisamehe, ni utafiti wa mwaka wa mwisho, msimamizi wangu kanirudishia sura ya pili mara tatu. Leo ni Jumapili usiku, mvua inanyesha, Mlima Meru hauonekani kabisa, rumeti kashalala, na mimi nimekaa na fomu moja mezani ambayo inaninyima usingizi.

Fomu yenyewe ni ya kawaida tu, ukurasa mmoja. Kila anayetarajia kumaliza mwaka huu anatakiwa athibitishe jina litakaloandikwa kwenye cheti cha shahada, herufi kwa herufi, halafu asaini. Wenzangu wamejaza kwa dakika mbili. Mimi ninayo siku ya tisa leo, na mwisho wa kurudisha ni keshokutwa Jumanne.

Wengi mnanijua kama Ely. Wengine, hasa ninyi mliotoka Dar, mnaniita Buku. Wasiojua chanzo chake ni hiki: wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza mhadhiri mmoja alikuwa anaita majina, akafika kwangu, akasimama kidogo, akasoma "Elfu Raha". Darasa zima lilicheka. Na kwa kuwa elfu moja mtaani ni buku, mpaka jioni nilikuwa nimeshakuwa Buku. Nilicheka nao, ningefanyaje? Lakini usiku ule nilibadilisha jina kwenye simu na kwenye barua pepe, nikawa Ely.

Jina langu ni Elifuraha. Na ukweli ni kwamba mwezi uliopita nilishakwenda mjini kwa wakili kuulizia bei ya hati ya kubadili jina. Nilitaka kwenye cheti paandikwe Joy. Fupi, linaeleweka, halina harufu ya kijijini. Kabla sijalipa nikasema ngoja kwanza nimwambie bibi, maana jina ni lake, mimi nilirithi. Nitawaambia alichosema. Ila kwanza nivumilieni niwape historia, kwa sababu baada ya kutoka kwa bibi nimezama maktaba wiki nzima, na utafiti wangu wa shahada umelala.

Tuanze na jambo ambalo wageni wa Arusha huwa linawachanganya. Sisi Wameru wa mlima huu (sio Wameru wa Kenya, ni watu wengine kabisa) tunatumia jina la ukoo kama jina la mwisho. Koo zinahesabika: Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nanyaro, Sarakikya, Nnko, Ayo, Akyoo, Urio, Nassari, Sumari, Issangya na nyingine. Shule ya msingi darasani kwetu akina Mbise walikuwa saba na akina Pallangyo sita, na wengi wao hawakujuana hata nyumbani. Kwa hiyo jina la ukoo halikutambulishi wewe, linatambulisha mahali unapotoka. Anayetaka kukutofautisha na wenzako inabidi ategemee jina la kwanza. Ndiyo maana kwetu jina la kwanza lina kazi nzito.

Zamani jina hilo lilitoka kwa babu au bibi. Mtoto anazaliwa, anapewa jina la mzee, mzee anaendelea kuishi ndani ya mtoto. Hapakuwa na kukaa chini na kubuni. Sasa hili jina langu lilianzaje, na Kihebrania kimefikaje migombani kwetu?

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Mwaka 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikuja upande wa Meru kutafuta mahali pa kujenga. Walipiga mahema Akeri. Tarehe 20 Oktoba 1896, usiku, wapiganaji waliwavamia na kuwaua, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kilichofuata ni kisasi. Jeshi la Wajerumani likiongozwa na Kapteni Johannes lilikuja na wapiganaji wa Kichaga, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa. Mwaka 1900 Wajerumani wakajenga boma Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho ya viumbe asilia pale mjini. Mwaka 1902 wamisionari wakarudi, wakafungua kituo Nkoaranga kwa Wameru, na mwaka 1904 Ilboru kwa Waarusha.

Hebu fikirieni. Watu waliokuwa na kumbukumbu ya nyumba kuungua ndio ambao, ndani ya kizazi kimoja au viwili, walianza kuwaita watoto wao "Mungu ni furaha". Hilo peke yake lilinifanya nikae vizuri kwenye kiti.

Sasa kuna tofauti ambayo mtu yeyote wa Kaskazini anaijua hata kama hajawahi kuiandika. Ukienda sehemu za Kilimanjaro walikoanza Wakatoliki, kama Kibosho na Kilema, wazee wengi wana majina ya watakatifu: Aloyce, Thadei, Pantaleo. Ukienda kwa Walutheri, yaani Machame, Marangu, Meru na kule Upareni, ndipo unapowakuta akina Eli: Elifuraha, Elirehema, Elibariki, Elineema, Eliamani, Elihuruma, Elisikia, Eliakunda. Leipzig walikuwa na msimamo kwamba Mkristo wa hapa asigeuzwe kuwa Mjerumani. Mwenzao anayejulikana zaidi kwa msimamo huo ni Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Moshi ya Zamani kwa miaka mingi mpaka 1938. Yeye alifundisha kwamba kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Kwa hiyo mtu akibatizwa hakulazimika kuwa Wilhelm wala Friedrich. Wengi walichukua majina ya Biblia moja kwa moja, na wengine walitunga yao.

Na walijua wanachofanya. Kwenye Biblia "El" ni Mungu, na msikilizaji mwenye akili anaiona haraka: Elia, Elisha, Eliezeri, halafu mwishoni mwa majina Danieli, Gabrieli, Nathanaeli. Kila Ijumaa Kuu unasomwa Mathayo 27, pale Yesu msalabani anapolia akianza na neno Eli, na maandiko yenyewe yanaeleza papo hapo kwamba maana yake ni Mungu wangu. Huhitaji kusomea Kihebrania Ulaya. Unakaa kwenye benchi la kanisa, unasikia, unarudi nyumbani na tofali la kujengea jina.

Tofali hilo waliliweka mbele au nyuma, na wakaliunganisha na lugha yoyote waliyokuwa nayo. Kwa Kichaga "aika" ni asante, ndiyo tukapata Aikaeli, asante Mungu. "Kunda" ni kupenda, ndiyo Eliakunda. Na kwa Kiswahili ndiyo tukapata hayo ya furaha, rehema na neema. Haya si majina tu, ni sentensi kamili. Zina Mungu, na zina jambo alilofanya au alivyo.

Kitu kingine kilichonichekesha maktaba. Neno furaha limekuja kwenye Kiswahili kutoka Kiarabu. Kwa hiyo mimi ni nusu Kihebrania nusu Kiarabu, nimezaliwa kwenye mlima ambao upande wa mashariki wanaongea Kimeru na upande wa magharibi Waarusha wanaongea Kimaasai. Na kuna jina la wazee wa huku linaitwa Asanterabi. Mmoja wa mawaziri wa kwanza wa nchi hii baada ya uhuru aliitwa Asanterabi Nsilo Swai. Asante ni neno lenye asili ya Kiarabu, na Rabi ni neno ambalo Muislamu yeyote wa pwani analijua ni Bwana Mungu. Yaani jina la Kilutheri kabisa, na halina silabi hata moja kutoka Ujerumani! Hata Elisikia ukilipeleka kwenye Kihebrania unapata Ishmaeli, yaani Mungu husikia, ndiye Ismail wa jirani zetu wa msikitini. Na wenzetu Waarusha, ukimsikia msichana anaitwa Nashipai, ni mwenye furaha. Sisi wote tunaishi chini ya kilele kimoja na tunawaombea watoto kitu kile kile.

Na hao Wajerumani waliokuja wasidhaniwe walikuwa na majina yasiyo na maana. Kwao kulikuwa na Gottlieb, Gottlob na Traugott: mpenda Mungu, Mungu asifiwe, mtumaini Mungu. Wakristo wao wa miaka ya 1600 na 1700 waliyapenda sana majina ya namna hiyo. Huko Uingereza mwaka 1653 bunge zima lilipewa jina la utani kutokana na mbunge mmoja aliyeitwa Praise-God Barebone. Kwa hiyo anayesema majina yetu ni ushamba, ajue ushamba huo umekaa hadi bungeni London.

Haya, sasa turudi kwa bibi.

Jumamosi iliyopita nilipanda Hiace mpaka Tengeru, nikanunua sukari na sabuni sokoni, nikachukua bodaboda mpaka juu kwake, kupita Nkoaranga. Nikamkuta anachambua maharage barazani. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, habari za shule, tukala makande, tukaongea ya ng'ombe na ya kahawa. Nilizunguka weee mpaka nikaona jua linashuka. Ndipo nikamwambia, bibi, nataka kubadilisha jina kidogo kwenye cheti, niandikwe Joy.

Akauliza, "Joy ndiyo nini?"

Nikamwambia ni furaha kwa Kiingereza.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kwa hiyo umemtoa Mungu, ukabakiza furaha peke yake? Haya. Utaona itakaa siku ngapi."

Sikuwa na jibu. Akasukuma ungo pembeni akaanza kunieleza, na mambo mengine mimi nilikuwa siyajui kabisa miaka yote hii.

Bibi alizaliwa karibu na mwaka 1938. Kabla yake wazazi wake walizika watoto wawili, wote hawakufika ubatizo. Wa tatu ni yeye, akapona. Desturi ilitaka apewe jina la bibi yake mzaa baba. Lakini baba yake alikuwa amejifunza kusoma misheni, na siku ya ubatizo mchungaji alipouliza jina, akasema Elifuraha. Bibi anasema watu walicheka hata siku ile. Walisema jina gani hilo, halina mwenyewe, ni la nani aliyetangulia? Mama mzazi wa baba yake alikasirika, hakuja kumbeba mtoto kwa muda mrefu.

Mnaona? Hilo jina ambalo mimi naliona ni la kizamani, siku lilipotamkwa mara ya kwanza kwenye ukoo wetu lilikuwa jipya kupita kiasi. Lilionekana utovu wa adabu kwa wazee. Halafu bibi akakua, akazaa, baba yangu akanizaa mimi, na kwa desturi ile ile ya zamani nikapewa jina la bibi. Jina lililoanza kwa kuvunja desturi likaingia ndani ya desturi. Mimi ni wa pili tu kulibeba.

Halafu akanitajia wadogo zake kwa mpangilio. Wa pili Elirehema, mwaka ambao mvua zilikataa lakini hakuna aliyekufa nyumbani. Wa tatu Aikaeli, baba yao alipotoka hospitali. Wa mwisho Elisikia. Nikauliza, huyu naye kwa nini? Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo ni wa Engare Nanyuki."

Waliosoma historia ya uhuru wanajua. Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwaondoa Wameru kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki, mashamba namba 31 na 328, ili wapewe walowezi wa kizungu wafuge ng'ombe. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa kuelekea Kingori. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kushtaki kwenye Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton kutoka Bermuda. Huo ni mwaka 1952, miaka mitatu kabla Nyerere hajakanyaga ukumbi ule. Azimio la kuwatetea lilipata kura nyingi lakini halikufikia theluthi mbili kwenye Baraza Kuu. Kirilo na Seaton wakaandika kitabu cha kesi hiyo, kikatoka 1967.

Haya yote nilikuwa nayajua kwa ajili ya mtihani. Nisilojua ni kwamba bibi yangu, msichana wa miaka kama kumi na mitatu, alikuwa kule, na kwamba mama yake alitembea kutoka kule akiwa mjamzito. Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa 1952 kwa ndugu, kwenye nyumba ya watu, wakati michango ya safari ya Kirilo inakusanywa. Baba yao akasema aitwe Elisikia, Mungu amesikia. Nikamuuliza bibi, mbona ardhi hamkurudishiwa mwaka ule, alisikia nini sasa? Akasema, "Baba alisema New York wasiposikia, tumeshaandika kwamba yupo anayesikia."

Tumeshaandika. Neno hilo nimekuja nalo mpaka hapa chuoni. Baba yao hakuandika kitabu, hakupeleka hati yoyote mahali, na jina lake huwezi kulikuta maktaba. Alichoandika ni watoto wanne. Ukiwaita kwa mpangilio unasoma miaka kumi na nne ya nyumba ile: msiba ulioisha, ukame, ugonjwa, kufukuzwa. Na kila mahali aliweka Mungu kwanza, halafu tukio. Mimi nasomea historia, nimefundishwa kutafuta vyanzo, na chanzo kilikuwa kwenye kitambulisho changu!

Sasa ninyi mnaonicheka, nina maneno na ninyi. Angalieni majina ya rika letu hapa Arusha na Moshi. Darasani tuna Godlisten wawili. Mjini hapa 2010 walimchagua mbunge anaitwa Godbless Lema. Tuna Goodluck, Gladness, Happiness, Godlove. Mnadhani haya ni majina ya Kizungu? Mwingereza wa leo hamwiti mtoto wake Godlisten hata umlipe. Godbless ni Elibariki. Godlisten ni Elisikia. Godlove ni Eliakunda. Wazazi wetu walibadilisha lugha tu kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichokuwa na soko, lakini namna ya kujenga ni ile ile ya wazee wa misheni: Mungu mbele, tendo nyuma. Jina halikufa, lilivaa suti. Kwa hiyo Godlisten wangu mpendwa wa viti vya nyuma, siku nyingine ukiniita Buku kumbuka wewe ni mjukuu wa Elisikia.

Wala jina lenyewe halijabaki kijijini. Yupo Elifuraha Laltaika, mwanaume, Mmaasai kutoka Ngorongoro, mhadhiri wa sheria. Kuanzia 2017 hadi 2019 alikuwa mjumbe wa Jukwaa la Kudumu la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia watu wa asili, na moja ya mambo makubwa yanayozungumzwa pale ni ardhi. Nilipolisoma hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Kirilo 1952, Elifuraha 2017, mji ule ule wa New York. Mimi nilikuwa natafuta elfu kadhaa za kumlipa wakili anitoe kwenye orodha hiyo.

Nisiwadanganye kwamba nimeshajazwa ujasiri. Najua siku ya mahafali msomaji wa majina anaweza kunisoma Elfu Raha tena mbele ya wazazi, na nyie mtapiga miluzi. Najua nikituma maombi ya kazi kuna mtu ataliangalia aseme huyu katoka wapi. Ila nimejiuliza, nikijiita Joy nani atakuja kumuuliza mjukuu wangu kwa nini ana jina hilo, na atapata hadithi gani? Atapata kwamba bibi yake aliona aibu darasani.

Wakati naondoka bibi alinisindikiza mpaka kwenye migomba ya mwisho. Hakunikataza. Alisema tu, "Jina hilo sio la kwako peke yako, nimekuazima. Ukilichoka, nirudishie mwenyewe, usimpe wakili."

Fomu nimeijaza sasa hivi, saa sita kasoro usiku, kwa kalamu nyeusi na herufi kubwa kama walivyoagiza. ELIFURAHA, halafu la baba, halafu la ukoo. Nimehesabu herufi mara mbili zisije zikapungua. Kesho saa mbili naipeleka kabla sijabadilisha mawazo.

Niishie hapa jamani, kesho nina kipindi asubuhi na sura ya pili bado inanisubiri. Wale wenye bibi na babu ambao bado wapo, nendeni mkawaulize majina yenu yametoka wapi, na muwaulize ya wadogo zao pia, kwa mpangilio. Mkirudi mnihadithie.

Usiku mwema. Ni mimi, Elifuraha.